Sheria yawafungulia walemavu mlango wa kazi, wanawake wangali kizingitini

RAIS William Ruto alipotia sahihi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mnamo Mei 2025, watetezi wa haki za walemavu walishusha pumzi. Sheria hiyo, iliyopiganiwa katika Seneti na Seneta Maalum Crystal Asige, ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2003 ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa na maneno matamu lakini meno butu.

Tofauti kati ya sheria hizo mbili ni kubwa. Ile ya zamani iliagiza tu Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) lifanye jitihada ili asilimia 5 ya nafasi za vibarua, za dharura na za kandarasi zitengewe walemavu. Sheria mpya inamkabili mwajiri mwenyewe. Aliye na wafanyakazi 20 au zaidi anapaswa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira kwa ajili yao.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halikupewa uzito lililostahili katika shangwe zilizofuata. Nafasi hizo zitakapotangazwa, ni mlemavu yupi atakayekuwa tayari kuzichukua? Mwajiri hatafuti ulemavu, anatafuta fundi, karani au mhasibu. Atakayefaidi ni yule aliyekwisha kupata elimu, ujuzi na vifaa vya kumwezesha kufanya kazi.

Hapo ndipo suala la jinsia linapojitokeza. Mipango ya kuwafunza walemavu kazi na kuwarejesha kazini, nchini Kenya na kwingineko, ilibuniwa ikimlenga mwanamume aliyekuwa na ajira akaumia. Mwanamke aliongezwa baadaye, na mpango wenyewe haukubadilishwa sana ili umfae. Ikiwa kasoro hiyo haitarekebishwa, asilimia 5 inaweza kutimizwa kikamilifu huku wanawake wengi wakibaki walipo.

Takwimu zasema nini

Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu wapatao 900,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi wanaoishi na ulemavu, sawa na asilimia 2.2. Miongoni mwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 1.9, na miongoni mwa wanawake asilimia 2.5. Kwa maneno mengine, walemavu wengi nchini ni wanawake.

Kuhusu ajira, hesabu inayotajwa sana ni ile ya Ripoti ya Dunia kuhusu Ulemavu, iliyotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Benki ya Dunia. Katika mataifa 51 yaliyochunguzwa, asilimia 52.8 ya wanaume wenye ulemavu walikuwa na kazi. Miongoni mwa wanawake wenye ulemavu, waliokuwa na kazi walikuwa asilimia 19.6 pekee.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa makini. Kwa watu wasio na ulemavu, ripoti hiyo ilipata kuwa asilimia 64.9 ya wanaume walikuwa na kazi, na asilimia 29.9 ya wanawake. Hii ina maana kwamba mwanamume mlemavu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa kuliko mwanamke asiye na ulemavu wowote.

Anayetaka kupuuza suala hili atasema kuwa hiyo ni tofauti ya kawaida kati ya wanaume na wanawake, na ulemavu hauna lawama. Lakini hesabu zenyewe zinamkanusha. Ulemavu ulipunguza nafasi ya mwanamume kupata kazi kwa takriban moja kwa tano. Nafasi ya mwanamke, ambayo tayari ilikuwa finyu, iliipunguza kwa zaidi ya thuluthi moja. Mzigo ule ule ulimlemea mwanamke zaidi.

Lipo jambo jingine ambalo takwimu za ajira hazionyeshi. Mwanamke anayelima shamba la familia, anayeteka maji na kulea watoto mara nyingi huhesabiwa kuwa hana kazi. Anapopata ulemavu, katika vitabu vya serikali hakuna kazi iliyopotea, na kwa hivyo hakuna kazi ya kumrejeshea.

Chimbuko la mpango

Ili kuelewa hali hii ni muhimu kurudi nyuma. Huduma za kuwarejesha walemavu kazini zilishika kasi duniani kutokana na vita. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1918 kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Uingereza ilipitisha yake kuhusu ajira ya walemavu mwaka 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiwa bado vinaendelea.

Kenya haikuwa tofauti. Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilichipuka kutokana na juhudi za Jeshi la Wokovu za kuwasaidia wanaume waliopofuka katika Vita Vikuu vya Pili. Waliolengwa walikuwa askari, na askari walikuwa wanaume.

Baada ya Uhuru, serikali iliunda kamati ya kuchunguza malezi na mafunzo ya walemavu mwaka 1964, ikiongozwa na Waziri Ngala Mwendwa. Mapendekezo yake yalizaa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa mwaka 1968, na mnamo 1971 kituo cha mafunzo ya kazi kwa walemavu kikafunguliwa katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi.

Vituo vingine vilifuata Machakos, Embu, Muriranjas, Nyandarua, Kabarnet, Kericho, Kisii, Kakamega, Itando, Odiado na Bura katika Taita Taveta. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Mataifa mengi ya Afrika hayakuwa na chochote cha kulinganisha nayo.

Lakini mahali kilipowekwa kituo cha kwanza panaeleza fikira za wakati huo. Kazi ilimaanisha kiwanda, na mfanyakazi alimaanisha mwanamume aliyetoka mashambani kuja mjini kutafuta mshahara. Hata sheria ya fidia iliyotumika wakati huo, katika jina lake la Kiingereza, ilimtaja mfanyakazi mwanamume. Jina hilo halikuondoka hadi Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini (WIBA) ilipopitishwa mwaka 2007.

Sheria ya 2007 haibagui mwanamke. Tatizo ni kwamba inamtambua mtu mwenye mwajiri. Anayepata ulemavu wa kudumu hulipwa fidia inayokadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Anayepata mshahara mdogo hulipwa kidogo. Mama anayeuza mboga sokoni au kupalilia shamba lake hana mwajiri wa kumdai, hana daktari wa kampuni wa kumpima, na hana afisa wa kumwelekeza kwenye kituo cha mafunzo.

Isitoshe, njia zinazowafikisha wanawake kwenye ulemavu si zile zile za wanaume. Trakoma, maradhi ya macho yanayosumbua kaunti kame kama vile Turkana, Samburu, Narok na Kajiado, ni mfano mzuri. Kwa mujibu wa WHO, wanawake hupofushwa na maradhi hayo hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio hukaa karibu na watoto wadogo wanaoyabeba.

Mwanamke wa Turkana anayepofuka kwa kuwalea watoto ameumia akiwa kazini, ingawa hakuna sheria inayosema hivyo. Na kati ya vituo vilivyotajwa hapo juu, vingi viko nyanda za juu na magharibi mwa nchi, mbali na kwake.

Mlango wazi usiopitika

Maafisa wanaosimamia vituo hivi watasema, na ni kweli, kwamba hakuna kanuni inayomzuia mwanamke kujiunga. Fomu ni moja kwa wote. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na mtu kuweza kuupita ni jambo jingine.

Kwanza, mafunzo ya aina hii kwa kawaida humtaka mwanafunzi aishi bwenini kwa muda mrefu. Mwanamume aliyeoa anaweza kuondoka nyumbani, akamwachia mkewe watoto na shamba, na jamii ikamsifu kwa bidii yake. Mwanamke aliye na mtoto mchanga hana wa kumwachia. Pasipo na mahali pa kulelea watoto, mwanamke huyo amekataliwa bila yeyote kumwambia hapana.

Pili, kuna hofu ya wazazi. Binti asiyeona, asiyesikia au mwenye ulemavu wa akili yumo katika hatari kubwa ya kudhulumiwa kimapenzi, na wazazi wanalijua hilo. Wengi huona heri akae nyumbani chini ya macho yao. Mzazi hawezi kulaumiwa kwa kumlinda mwanawe, lakini gharama ya ulinzi huo ni ujuzi ambao binti hataupata. Suluhisho ni mabweni yenye usalama, walezi wa kike na utaratibu wa kupokea malalamiko unaoaminika.

Tatu, kuna suala la masomo. Familia yenye karo ya mtoto mmoja, na yenye mtoto wa kiume na wa kike, mara nyingi huamua kumsomesha mvulana. Msichana akiwa mlemavu huwekwa mwisho wa foleni. Anapofikisha umri wa kwenda chuo cha ufundi, kama vile vya viziwi vya Karen na Nyang'oma, au kile cha wasioona cha Machakos, hana cheti kinachohitajika.

Nne, ipo mikono inayoshika pesa. Nauli, magongo, kiti cha magurudumu na kifaa cha kusaidia kusikia hununuliwa na mwenye nyumba akipenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: si rahisi kwa asiyetegemea ruhusa ya mtu kuelewa jinsi safari ya kwenda mjini kupimwa inavyoweza kuahirishwa mwaka baada ya mwaka.

Cherehani si jibu kwa kila mwanamke

Hata kwa waliofaulu kuingia, mafunzo yenyewe yana mgawanyo wake. Useremala, uchomeleaji, kazi ya umeme na ushonaji viatu vimezoeleka kuwa vya wanaume. Wanawake huelekezwa kwenye ushonaji wa nguo, ufumaji na ususi. Anapohitimu, mwanamke hukabidhiwa cherehani, picha zikapigwa, na ikahesabiwa kuwa amesaidiwa.

Cherehani si kitu cha kudharauliwa. Imelea watoto wengi katika nchi hii. Lakini soko la fundi wa nguo limebanwa na mitumba, na katika kila kituo cha biashara mafundi ni wengi kuliko wateja wa mavazi mapya. Mchomeleaji milango na madirisha katika mji unaojengwa ana wateja wa uhakika zaidi, na malipo yake ni makubwa zaidi.

Zaidi ya hayo, cherehani ya kukanyaga haimfai kila mlemavu. Mwenye udhaifu wa miguu anahitaji ile ya umeme, na umeme unahitaji chumba chenye stima na kodi ya kila mwezi. Kifaa kilichotolewa bila kuuliza hayo huishia kuuzwa au kufunikwa kitambaa pembeni mwa nyumba.

Bombolulu mjini Mombasa inatoa mfano wa njia tofauti. Karakana hizo zilianzishwa mwaka 1969 chini ya Chama cha Walemavu wa Viungo Nchini (APDK), na zilijipatia sifa kwa mapambo, nguo, kazi za mbao na za ngozi zilizouzwa kwa watalii na ng'ambo. Mlemavu hakufunzwa kisha akaachwa ajitafutie. Kazi, vifaa na soko vilikuwa mahali pamoja. Udhaifu wa mpango huo ni kuwa hutegemea wanunuzi wa mbali, na utalii unapoyumba nao huyumba. Lakini somo lake linabaki: mafunzo yasiyofungamana na soko ni nusu ya kazi.

Faida kwa mwenye mshahara

Misaada ambayo serikali imewatengea walemavu nayo huwafikia zaidi wale ambao tayari wamepiga hatua. Chini ya kanuni za mwaka 2010, mlemavu aliyesajiliwa husamehewa kodi kwa mapato ya hadi Sh150,000 kwa mwezi. Ni nafuu kubwa kwa mwalimu, karani au afisa wa benki. Kwa mwanamke anayeuza mandazi kando ya barabara, msamaha wa kodi ambayo hakuwa akilipa haumwongezei hata senti moja.

Mwajiri naye hupewa punguzo la kodi kwa kuajiri walemavu na kwa kurekebisha majengo. Jambo hilo ni jema. Lakini kurekebisha jengo hueleweka kuwa ni kujenga njia ya kiti cha magurudumu. Ni waajiri wachache wanaofikiria choo ambacho mwanamke mlemavu anaweza kukitumia kwa staha, au saa za kazi zinazomwezesha anayenyonyesha kwenda na kurudi kwa usafiri wa umma.

Katika zabuni za serikali, asilimia 30 zimetengewa makundi matatu tangu mwaka 2013: vijana, wanawake na walemavu. Mwanamke kijana mwenye ulemavu yumo katika yote matatu. Hata hivyo, hilo halimpi uzito mara tatu. Katika kundi la wanawake hushindana na wasio na ulemavu, na katika kundi la walemavu hushindana na wanaume wenye mtaji na hatimiliki za ardhi za kuwekea dhamana ya mikopo.

Ndivyo ilivyo katika siasa za utetezi pia. Vyama vya walemavu kwa miaka mingi vimeongozwa zaidi na wanaume, nayo mashirika ya wanawake hayajauweka ulemavu mstari wa mbele. Mwanamke mlemavu hutajwa katika hotuba za pande zote mbili, kisha kila upande ukadhani mwenzake ndiye anayemshughulikia.

Je, ni ubaguzi kwa wanaume?

Wako wanaouliza kwa nini jinsia iletwe wakati walemavu wa kike na wa kiume wote wanataabika. Mgala muue na haki yake umpe. Ni kweli kwamba wanaume wengi wenye ulemavu hawana kazi, na ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa taasisi nyingi za serikali hazijafikia kiwango cha asilimia 5.

Lakini hoja ya usawa haimnyang'anyi mwanamume kitu. Nafasi ambazo hazijajazwa ni nyingi kuliko walemavu wanaozipata. Kumfikia mwanamke aliye nyumbani ni kuongeza idadi ya wanaoweza kuzijaza, na mwajiri hatakuwa tena na kisingizio kwamba ametafuta asipate.

Isitoshe, wajibu huu Kenya iliukubali zamani. Iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1984, na kamati ya mkataba huo iliyataka mataifa yaeleze hali ya wanawake wenye ulemavu, pamoja na elimu na ajira yao, tangu mwaka 1991. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kifungu chake cha 6 kinakiri kuwa wanawake na wasichana wenye ulemavu hubaguliwa kwa njia zaidi ya moja. Katiba ya 2010 inaifanya mikataba kama hiyo kuwa sehemu ya sheria za nchi.

Linalohitajika kwanza ni hesabu. Kampuni ya wafanyakazi 20 ikitimiza asilimia 5 itaajiri mlemavu mmoja tu. Hakuna anayeweza kusema kampuni hiyo imebagua kwa kumchagua mwanamume. Lakini kampuni 1,000 zikichagua hivyo, ubaguzi utakuwa umefanyika bila ya mkosaji kuonekana. Ndiyo maana ripoti za waajiri na za NCPWD hazina budi kutenganisha wanawake na wanaume, na vituo vya mafunzo vifanye vivyo hivyo kwa walioingia, waliohitimu na waliopata kazi.

Pili ni kuvibadilisha vituo vyenyewe. Chumba cha kulelea watoto, mlezi wa kike bwenini, mkalimani wa lugha ya ishara na kozi za mchana kwa wasioweza kulala si mambo yanayohitaji mabilioni. Wakufunzi wa kike katika uchomeleaji, umeme na kompyuta watawaonyesha wasichana kuwa mlango huo ni wao pia.

Tatu, mafunzo yatoke bwenini yaende vijijini. Mwanamke aliyepofuka anaweza kufunzwa upya kutembea, kupika, kufuga na kuuza akiwa kwake, na mkufunzi akamfuata. Kufanya hivyo ni kukubali kuwa shamba na jiko ni mahali pa kazi, na kwamba anayezuiwa na ulemavu kufanya kazi hizo anastahili kurejeshewa uwezo sawa na aliyeumia kiwandani.

Wizara inayosimamia masuala ya kijamii ndiyo iliyo na vituo hivi, huku ile ya elimu ikiwa na vyuo vya ufundi vya walemavu. Zisiposhirikiana, msichana atamaliza kwa mmoja asipokelewe kwa mwingine.

Ajizi nyumba ya njaa. Sheria ya 2025 ingali changa, na mazoea ya kuitekeleza ndiyo kwanza yanaanza kujengwa. Taratibu zikipangwa sasa zikimkumbuka mwanamke, itakuwa rahisi. Zikipangwa bila yeye, atasubiri sheria nyingine, na ile iliyotangulia ilichukua zaidi ya miaka 20 kubadilishwa.